Mpiga Kinanda Asiyeonekana

Somo letu la safari hii halikutoka kitabuni. Limetoka katika sinema, tena sinema ya kutisha. Najua wako watakaokunja uso. Vijana wetu hutazama sinema za namna hii usiku kwenye simu zao, wazazi husema hayo ni mambo ya shetani, na mazungumzo huishia hapo. Mimi naona si vema yaishie hapo. Nyingi katika sinema hizo ni damu na mayowe tu, hilo sibishi. Lakini iko moja ambayo mhusika wake mkuu ni mpiga kinanda wa kanisa, na miongoni mwa watu wanaoshindwa kumsaidia yumo kasisi wake. Kwa sababu hiyo yafaa sisi wa kanisani tuitazame kabla ya wengine.

Inaitwa Carnival of Souls, kama tungesema Tamasha la Nafsi. Ilitengenezwa Marekani, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1962. Ni ya picha nyeusi na nyeupe, wala haifiki saa moja na nusu. Aliyeiongoza ni Herk Harvey, na aliyeandika hadithi ni John Clifford. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kampuni iliyoitwa Centron, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas. Kazi ya Centron ilikuwa kutengeneza filamu fupi za mafunzo: za kuonyeshwa darasani, na nyingine za kuwaonya wafanyakazi wasijiumize kwa mashine. Basi hawa walikuwa watu wa kufundisha, si watu wa Hollywood. Nilipolijua hilo sinema yenyewe ilinieleweka zaidi. Mtu aliyezoea filamu za darasani huonyesha jambo moja kwa wakati mmoja, polepole, bila mapambo, mpaka mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa alione.

Harvey alichukua likizo kazini kwake, akakusanya fedha kwa wafanyabiashara wa mji wake, na sinema nzima iligharimu dola 30,000 na kitu, fedha ndogo mno kwa kazi ya namna hiyo. Ilipigwa kwa muda wa wiki tatu. Mwigizaji mkuu, Candace Hilligoss, aliletwa kutoka New York. Mzuka mwenye uso mweupe aliigizwa na Harvey mwenyewe.

Wazo la hadithi lilimpata akiwa safarini. Alikuwa anarudi nyumbani kwa gari kutoka California, akapita kando ya Ziwa Kuu la Chumvi katika jimbo la Utah, akaona jumba kubwa lenye makuba limesimama peke yake ufukweni, tupu. Jumba hilo liliitwa Saltair. Lilijengwa mwaka 1893 liwe mahali pa watu kuogelea na kucheza dansi, likaungua mwaka 1925, likajengwa tena, na mwaka 1958 likafungwa. Harvey alimwomba Clifford atunge hadithi ambayo ndani yake wafu watatoka ziwani na kucheza dansi katika ukumbi huo. Mengine yote alimwachia mwenyewe.

Sasa hadithi yenyewe. Nitaisimulia mpaka mwisho, maana bila mwisho wake somo halipo. Asiyependa kuujua na aweke gazeti chini kwanza, akaitazame, kisha arudi.

Wasichana watatu wamo katika gari moja. Vijana wa kiume katika gari jingine wanawachokoza washindane mbio. Wanapofika darajani magari yanagusana, na gari la wasichana linavunja reli za mbao na kutumbukia mtoni. Maji ni ya matope. Watu wanalitafuta gari kwa muda wa saa nyingi wasilipate. Ndipo msichana mmoja, Mary Henry, anapotokea kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, ametapakaa tope, anatembea kwa kuyumba. Hakumbuki ametokaje majini.

Mary amekwisha kupata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja huko Utah, na ajali haimzuii kwenda. Kabla ya kuondoka tunamwona akicheza kinanda kiwandani, mahali vinapotengenezwa. Mkubwa wa hapo anamwambia kwa upole kwamba kazi ya kanisani yataka moyo pia, haitoshi akili na vidole. Mary anajibu kwamba kwake kanisa ni mahali pa kazi kama mahali pengine. Anapokaribishwa apite tena siku nyingine kuwasalimu, anasema hatarudi kamwe.

Usiku, barabarani, redio ya gari inakataa kutoa kitu chochote isipokuwa muziki wa kinanda. Akitazama dirishani anakuta uso wa mwanamume, mweupe kama chokaa, ukimtazama. Tangu hapo mtu huyo atamtokea mara kwa mara, na hatasema neno hata moja.

Mjini Mary anapanga chumba katika nyumba ya mama mmoja. Kasisi wa kanisa lile jipya anampokea vizuri, anataka kufanya karamu ndogo ili waumini wamfahamu. Mary anakataa. Kasisi anamkumbusha kwamba hakuna awezaye kuishi mbali na wanadamu wenzake, lakini hasukumi zaidi. Hata anamchukua kwa gari mpaka ziwani kuliangalia lile jumba linalomvuta Mary asijue kwa nini. Mary anataka kuingia ndani. Kasisi hakubali kuvuka kizuizi, kwa sababu sheria imekataza. Si mtu mbaya, ni mtu wa utaratibu.

Nitakaa kidogo juu ya tukio linalofuata, kwa kuwa mimi kwangu ndilo linalotisha kuliko yote. Mary amekwenda katika duka kubwa la nguo, anajaribu gauni. Picha inatikisika kama maji yaliyotupiwa jiwe, na mara sauti zote zinakatika. Anasema na mwuzaji, mwuzaji hageuki. Anatoka nje. Magari yanapita, midomo ya watu inacheza, watu wanamkaribia na kumpita, wala hakuna anayemwona wala kumsikia. Anakimbia huku na huku mpaka anafika kwenye bustani ya mji. Hapo ndege analia juu ya mti, na kwa sauti ya yule ndege dunia yote inamrudia.

Hebu fikirini tukio hilo liligharimu nini. Kuondoa sauti hakuna gharama. Hakuna damu, hakuna sura ya kuogofya, yule mtu mweupe mwenyewe hayumo dukani. Kuna binadamu aliye katikati ya binadamu wenzake, mchana kweupe, na hayupo. Wenye fedha nyingi wangelikwenda kutafuta dubwana. Harvey hakuwa nazo, akalazimika kuuliza ni kitu gani hasa kinachomwogofya mtu.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana kina maneno mawili ambayo vijana siku hizi wanayachanganya. Upweke ni hali ya kuwa peke yako. Mtu aweza kuutafuta na kuufurahia: mwanafunzi mtihani unapokaribia, mvuvi usiku, mtu aliyejitenga kusali. Ukiwa ni jambo jingine. Kijiji kilichohamwa na watu wote tunasema kimekuwa ukiwa. Mkiwa ni yule asiye na wa kumjia. Mary alichagua upweke kwa hiari yake, tena kwa kiburi kidogo, akajikuta amekwisha kuingia katika ukiwa bila kujua alivuka mpaka siku gani. Nawajua watu waliovuka hivyo. Naamini na ninyi mnawajua.

Baada ya tukio la dukani Mary anakutana na watu watatu ambao kila mmoja angaliweza kuwa mlango wa kutokea. Wa kwanza ni daktari anayemkuta bustanini akitetemeka. Anamsikiliza, anamwambia wazi kwamba yeye si daktari wa maradhi ya akili, kisha anatafuta chanzo cha yule mtu mweupe ndani ya mawazo ya Mary mwenyewe. Maelezo yake ni ya busara. Lakini ni maelezo tu, na mgonjwa anaondoka nayo peke yake. Wa pili ni kijana mpangaji wa chumba cha jirani, aitwaye John Linden, mlevi kidogo, anayemtaka kwa tamaa wala hafichi. Mary hampendi, ila kwa kuwa anaogopa usiku anakubali kwenda naye baa. Wakirudi, Mary anamwona mtu mweupe katika kioo, anapiga kelele, na Linden anakimbilia mlangoni. Hataki mwanamke mwenye wazimu. Mary anasukuma makabati na viti nyuma ya mlango, anakesha.

Wa tatu ni kasisi, na kwake ndiko kwenye somo letu. Hili latangulia lile la baa, nami nimelichelewesha kwa makusudi.

Mary yuko peke yake kanisani, anafanya mazoezi. Anaanza na muziki wa ibada. Taratibu mikono yake inaanza kwenda njia nyingine, kama si yake. Muziki unageuka, unakuwa wa ajabu, wa kulewesha, na macho yake hayaoni tena kanisa, yanaona wafu wakitoka majini na kucheza dansi katika ukumbi wa Saltair. Kasisi anausikia muziki huo. Anaingia kwa haraka, anaweka mikono yake juu ya mikono ya Mary, anaibana ikome. Kisha anamkemea: muziki gani huu katika nyumba ya Mungu, je, hana heshima, hana uchaji? Anamwambia anamsikitikia kwa kukosa moyo, na kwamba dhamiri yake haimruhusu kuendelea naye, ajiuzulu. Anaongeza kwamba kanisa halimpi kisogo, kama ana shida huenda wakaweza kumsaidia.

Angalieni mpangilio wa maneno yake. Hukumu kwanza, kufukuzwa pili, msaada mwisho. Na swali moja halikuulizwa kabisa: Binti, umepatwa na nini? Uso wa Mary wakati ule ni uso wa mtu aliyeamshwa kutoka ndotoni. Mtu yeyote asiye kasisi angeuona. Kasisi aliusikiliza muziki, na ni kweli muziki ulikuwa mbaya.

Msidhani nasema juu ya Wamarekani peke yao. Makanisa yetu mengi siku hizi yana kinanda cha umeme, na mpigaji huchukuliwa kama fundi: aje, apige, apewe nauli, aondoke. Akikosea wimbo wote twageuka kumtazama. Asipokuja Jumapili mbili tunatafuta mwingine. Na mtu wetu akisema kwamba anamwona mtu ambaye wengine hawamwoni, wako watakaosema ana pepo hata hajamaliza kueleza, na wako watakaosema ana wazimu. Wote wawili, wakiisha kumpa jina hilo, huona kazi yao imekwisha.

Someni Marko sura ya 5, habari za yule mtu aliyekaa makaburini. Watu wa mji walikuwa wamejaribu kumfunga kwa minyororo, ndiyo njia pekee waliyoijua. Bwana Yesu alimwuliza jina. Na alipopona akataka kufuatana naye chomboni, Bwana hakumruhusu, alimtuma arudi nyumbani kwa watu wake. Nilikuwa nikiwafundisha wanachuo wa ualimu waiangalie sehemu hiyo ya mwisho, ambayo wengi huipita haraka kwa sababu wamevutwa na nguruwe. Uponyaji wake haukwisha pepo walipomtoka. Ulikuwa bado mlango wa nyumba yake mwenyewe, na watu waliomzoea makaburini wajifunze kukaa naye mezani.

Mary hana pa kurudishwa. Anataka kuukimbia mji, gari lake linaharibika, linapelekwa gereji. Katika kituo cha mabasi ukimya unamwangukia mara ya pili, na basi analolipanda limejaa nyuso nyeupe. Anarudi mbio kwa daktari, anaeleza yote, kiti kinageuka na aliyekalia ni yule mtu. Anazinduka: kumbe alilala ndani ya gari lake huko gereji. Hapo ndipo anapokata shauri kwenda Saltair mwenyewe. Anawakuta wafu wakicheza dansi kwa mwendo wa kasi, na katika mikono ya mtu mweupe anajiona yeye mwenyewe, amepauka kama wao. Anakimbilia ufukweni. Wanamfuata. Anaanguka.

Siku ya pili wanasimama pale ufukweni kasisi, daktari na polisi. Nyayo za Mary zinakwenda mpaka mahali fulani, kisha basi. Baadaye sinema inaturudisha Kansas, mtoni. Lile gari limepatikana, linavutwa kutoka majini. Ndani wamo wasichana watatu, na Mary yumo kati yao.

Hapa mtu atasema: basi mwalimu, maneno yako yote yameanguka. Huyu msichana alikuwa amekufa tangu mwanzo, kasisi angefanya nini? Swali hilo ni zuri, nami nimelifikiri sana. Jibu langu ni hili. Kasisi hakujua kwamba amekufa. Daktari hakujua, wala mama mwenye nyumba, wala sisi watazamaji hatukujua. Alichokuwa nacho kila mmoja mbele yake ni mtu anayetembea, anayesema, anayeogopa, na kila mmoja alimtendea kama alivyozoea kuwatendea walio hai. Ndiyo maana mwisho ule unachoma. Kama wangalijua, tungeweza kusema walishindwa na mambo ya kuzimu. Kwa kuwa hawakujua, tunabaki na mambo ya duniani: karamu iliyokataliwa na haikutajwa tena, maelezo ya busara, mlango uliofungwa na kijana mwoga, mikono iliyobanwa juu ya kinanda.

Wako pia wanaoifasiri sinema kuwa ni adhabu ya mwanamke asiyeamini, kwamba angalikuwa mcha Mungu yasingempata. Sikubaliani nao hata kidogo. Wasichana wengine wawili walizama naye, na hatuambiwi lolote juu ya imani yao. Lakini haki itendeke kwa kasisi: yeye ndiye aliyemwita kwanza kwenye ushirika wa watu, na mwishoni yuko pale mchangani, amekwenda kumtafuta. Alichelewa tu.

Kama kazi ya sanaa sinema ina makosa yake. Baadhi ya waigizaji wanasema kama wanaosoma ubaoni, na Linden anapewa muda mrefu kuliko anavyostahili. Muziki wa kinanda wa Gene Moore, kwa upande mwingine, ni mzuri sana, nao unajaza nafasi ambayo kwingine ingejazwa na fedha.

Ilipotoka haikupata bahati. Kampuni iliyoisambaza ilifilisika, na kwa kuwa nakala zake hazikuwekewa tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya umma. Kwa miaka mingi vituo vya televisheni vya Marekani vikaionyesha usiku wa manane, na walioiona utotoni hawakuisahau. George Romero, aliyetengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968, ni mmoja wa walioathiriwa nayo. Mwaka 1989 ikarudishwa katika majumba ya sinema, nayo ikasifiwa. Harvey hakuongoza tena sinema ndefu. Alirudi kwenye filamu zake za mafunzo, akafariki mwaka 1996. Jumba la Saltair aliloliona liliteketea kwa moto mwaka 1970.

Viongozi wa vijana wanaotaka kuitumia hawatahitaji kulipa kitu, maana ni ya wote. Wasiionyeshe kwa watoto wadogo. Waionyeshe mapema jioni, taa zikiwaka, na waisimamishe mara mbili. Mara ya kwanza ni Mary anapotoka bustanini: kila mmoja aandike kwa siri, bila kutaja jina, juu ya mtu mmoja katika mtaa wetu ambaye hupita na hatumwoni, na karatasi hizo asome kiongozi peke yake. Mara ya pili ni kasisi anapoweka mikono juu ya mikono ya Mary, kabla hajasema neno. Waulizwe: ungekuwa wewe, ungemwambia nini? Watakaoanza kusema ni wale wenye majibu ya haraka, waachwe waseme. Kisha pangojewe, hata kama kimya kitakuwa kirefu, na sinema isiendelee mpaka mmoja wao amemwuliza Mary swali.